Sababu ya Kuanguka Kwako

Mwanangu Fabiola,

Wenzangu wamekwisha kutoka. Nimebaki peke yangu masjala na nimefunga mlango kwa ndani kama mtu anayeiba karatasi, ingawa karatasi hii nimeinunua mwenyewe. Nyumbani nisingeweza kuandika. Bibi yako ametelemka kutoka Mbulu tangu juzi ili akuage, jikoni kumejaa watu, na wewe unapita na nguo mkononi ukiniuliza kama huko uendako kuna baridi kuliko huku kwetu Gehandu. Sijui, mama. Mambo ya shuka, ndoo, sabuni na namba za simu mama yako amekuandikia vizuri kuliko ambavyo ningeweza, na sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimechoka kulibeba.

Jana ulinipa fomu ya afya ya shule niipitie kabla ya kuifunga kwenye bahasha. Ulinipa kwa kuwa mimi ni karani, na ukasema, "Baba, wewe huachi kosa lipite." Nikaipitia. Jina sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa, chanjo sawa. Mahali panapouliza kama mwanafunzi amewahi kuanguka au kupoteza fahamu, uliandika kwa mwandiko wako ulionyooka: "Ndiyo, mara moja. Sababu haijulikani."

Sababu inajulikana. Naijua mimi, anaijua nesi Zuhura wa kliniki, na tangu Machi anaijua mama yako. Wewe mwenye mwili ndiye hukuambiwa. Ulianguka kwa sababu nilikupa dawa yangu.

Ukitaka kuiweka barua chini kidogo, iweke. Mimi mwenyewe, nilipokwisha kuandika sentensi hiyo, niliinuka nikaenda kusimama dirishani.

Nianze na ugonjwa wangu, maana huujui wote. Ulipokuwa darasa la saba mliambiwa baba ana vidonda vya tumbo. Havikuwa vidonda. Nilikuwa nakaa mbele ya jalada moja tangu asubuhi, nasoma barua ileile mara tatu, nne, bila neno hata moja kuingia. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Usiku sikulala, na alfajiri nilisikitika kuona kunakucha. Nilikuwa na kazi, mke na mtoto anayeongoza darasani, nikajiona mtu asiye na shukrani. Nilienda hospitali ya mbali, ambako hakuna aliyejua jina la baba yangu, wakaniambia ni sonona, wakanipa amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku.

Wiki za mwanzo dawa ile ilinitesa kabla ya kunisaidia. Mdomo ulikauka kama nimelamba majivu. Choo kilikuwa kigumu. Nikiinuka haraka kitini, masjala yote ilizunguka na makabati yake. Nilianza kutembea na chupa ya maji, na wenzangu wakanipa jina, Bwana Maji. Mhasibu wetu akawa anaigonga chupa kwa kalamu kila anapopita: "Bwana Maji, tukupande bustanini?" Nilicheka nao. Kumbe hayo yote ni maudhi ya dawa yanayojulikana, na mengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Mtoa dawa aliniambia, lakini niliogopa kumuuliza mara ya pili, kwa hiyo nusu ya maneno yake niliyaacha dirishani kwake.

Hofu ndiyo iliyoniendesha, Fabiola. Mtu anayefanya kazi ya kufungua majalada ya wenzake anajua jinsi karatasi moja inavyoweza kumfuata mtu hadi kustaafu. Niliogopa kwamba siku moja jalada langu litakuwa na karatasi ya namna hiyo. Nikabandua lebo zote kwenye vikopo vya dawa, nikavificha stoo ndani ya lile debe la dawa za mifugo, katikati ya dawa ya minyoo na mabomba ya sindano. Hakuna mtu anayefungua debe lile ila mimi. Nilijiona mwerevu.

Sasa nikuambie jinsi tulivyolelewa, wewe hukuyaona. Kwa baba yangu, ng'ombe akishikwa na ndigana, ilinunuliwa chupa moja ya sindano. Akichomwa siku mbili na akasimama, akala majani, sindano iliishia hapo. Dawa iliyobaki haikutupwa. Ilifungwa kwa kitambaa ikasubiri mwingine aonyeshe dalili zilezile. Jirani akija kusema ndama wake amelegea masikio na anapumua kwa shida, alipewa chupa aende nayo, na kumnyima ilikuwa aibu kubwa kuliko kumnyima chumvi. Dalili moja, chupa moja. Nimetumwa kwenye maboma mengi nikiwa na chupa iliyobaki nusu, na popote nilipofika nilipokewa kama mgeni mwema. Nilisoma hadi kidato cha sita, nikafanya kazi ya ofisi, nikanunua tai, lakini ile chupa ilibaki ndani yangu.

Kwa hiyo nilipopata nafuu, niliacha. Nilikuwa nimesimama na kula majani, kwa nini niendelee? Niliacha siku moja, ghafla, bila kumwambia mtu. Siku chache baadaye nilianza kutapika, nikatokwa jasho na kuota ndoto mbaya mfululizo, na mwezi haujaisha ile hali yote ikarudi nyumbani kama mbuzi anayejua zizi lake. Ilinibidi nianze upya, na safari ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Dawa hizi haziachwi hivyo. Mtu akishapona huendelea nazo miezi kadhaa, kisha aliyeziandika huzipunguza kidogo kidogo. Hilo nililijua kwa mwili wangu, na bado halikunizuia nisifanye kosa la pili, ambalo nililifanya kwenye mwili wako.

Desemba, baada ya mtihani wako wa kidato cha nne, ulianza kukaa nyuma ya nyumba ukitazama shamba la ngano la watu. Hukuwa unalia. Ulikuwa unajibu tu unapoulizwa. Mama yako alisema ni uchovu wa mtihani. Mimi niliitambua ile shingo iliyoinama, nikaogopa, nikanyamaza. Hadi Januari ulipomwambia mama yako kwamba ungependa ulale usiamke. Alikupeleka hospitali siku hiyohiyo, hakungoja kesho. Mama yako ni jasiri kuliko mimi.

Nesi Zuhura alikaa nawe saa nzima, kisha daktari akakuandikia fluoksetini, kapsuli moja kila asubuhi. Nesi alisema mbele yetu sote kwamba dawa itachukua wiki mbili, nne, pengine zaidi, kabla hujaona tofauti. Tumbo linaweza kuchafuka, kichwa kuuma, usingizi kupotea. Na akatutazama mimi na mama yako, akasema kwamba kwa kijana wa umri wako, wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, mawazo ya kufa yanaweza kuzidi au mtu kuwa na wasiwasi asioweza kutulia nao. Yakija hayo, ni kurudi siku hiyohiyo. Mama yako alifanya mambo yote aliyoambiwa. Alikaa na dawa yeye, akakupa moja moja, akalala chumba kimoja nawe.

Wiki mbili zikapita. Ulikuwa unatapika uji, na usiku tulikusikia ukijigeuza. Sikuweza kuvumilia. Nilikutazama nikajiona mimi, nikasema moyoni: ugonjwa ni ule ule, na dawa iliyonipa mimi usingizi iko pale stoo. Ya kwao haifanyi kazi. Nikaenda kwenye debe.

Siku nne mfululizo, baada ya chakula cha jioni, nilikupa kidonge nikakuambia ni cha kichwa. Ulinishukuru. Ulisema, "Asante baba, leo angalau nitalala." Ulilala kweli, nikajisifu. Mama yako alikuta umelala fofofo, akadhani dawa ya hospitali imeanza kukubali. Asubuhi ulikuwa mzito na mdomo umekauka, unaomba maji kila saa. Nilikuwa Bwana Maji, ningepaswa kujua.

Siku ya tano ulikwenda kukamua. Uliinuka na ndoo mkononi, ukaanguka, paji la uso likapiga nguzo ya mlango wa zizi. Maziwa yalimwagika hadi miguuni pangu, nilikuwa nimesimama hatua tatu. Ile alama juu ya unyusi wako nimeiona kila siku tangu hapo.

Tulipofika hospitali ulikuwa unajibu maneno yasiyoeleweka na moyo unakwenda mbio. Nesi Zuhura aliuliza kwa utulivu kabisa, "Kuna dawa nyingine yoyote anayotumia? Ya kienyeji, ya dukani, ya mtu mwingine?"

Mama yako alinitazama, kwa kuwa hakujua. Nikasema, "Hapana."

Sikupewa muda wa kufikiri, ndivyo nilivyojiambia baadaye. Si kweli. Nilikuwa na muda. Nilifikiria lebo nilizobandua, nikafikiria mhasibu na kalamu yake, nikafikiria kuandikwa kwenye cheti kwamba baba wa mtoto ni mgonjwa wa akili na amemdhuru mwanawe. Nilifikiria jalada langu, Fabiola, na wewe umelala pale na damu kwenye nyusi.

Kwa sababu nilisema hapana, daktari hakuwa na kingine cha kushuku ila dawa aliyokuandikia yeye, akaisimamisha. Uliporudi nyumbani, Bibi yako alipokuja kukuona akasema ni kifafa, kwa kuwa kwao kuna shangazi aliyekuwa nacho. Ukakatazwa kukaa peke yako karibu na moto. Ukakatazwa kisima. Ukaanza kujiogopa, unatembea umeshika ukuta. Mimi nilikaa mezani nikisikiliza watu wakitafuta sababu, wengine wakiiombea, na sababu inakunywa chai pamoja nao.

Ulikaa bila dawa wiki tatu. Kilichotokea mwisho wa wiki hizo, siku mama yako alipokukuta nyuma ya zizi na ukamweleza ukweli wote wa ulichotaka kufanya, unakijua wewe kuliko mimi. Nashukuru kwamba ulisema. Sitaandika zaidi. Asubuhi yake, mlipokuwa mmekaa nje ya kliniki, niliingia peke yangu nikamwambia nesi Zuhura. Nilisimama. Akasema, "Baba Fabiola, kaa." Nikakaa, nikaeleza kila kitu, hadi debe.

Nilitegemea anifokee. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa hijabu. Kisha akasema, "Dawa yako ni nzuri kwako. Yake ni nzuri kwake. Ukiziweka pamoja, ile ya kwake inaziba njia ambayo yako ingetumia kutoka mwilini. Kwa hiyo kidonge cha leo kinakuta cha jana bado kimo, na cha juzi kimo. Ulidhani unampa kimoja."

Niliuliza kama ningeweza kukuua. Akasema, "Ndiyo. Hiyo ya kwako ikizidi mwilini inakwenda kwenye moyo." Alisema hivyo bila kunitazama vibaya, na nadhani ndiyo maana nimelikumbuka kila neno. Akaandika kwenye cheti chako, kile kinachobaki kwao. Nikatazama kalamu yake ikienda, na nikashangaa kwamba haikuniuma kama nilivyoogopa miaka yote. Alitaka akueleze palepale. Nikamwomba aniachie mimi, nikasema nitakuambia mwenyewe utakapopata nguvu kidogo. Akakubali kwa shingo upande. Daktari akakurudishia dawa yako. Hiyo ilikuwa Machi, na sasa ni Julai. Mama yako, nilipomwambia, hakusema nami siku sita, na ya saba aliniuliza tu, "Fabiola utamwambia lini?" Anauliza hivyo kila mwezi.

Umepona vizuri, kila mtu anaona. Umerudi kucheka, na matokeo yako yametufanya tutembee tumeinua vichwa. Lakini dawa umeimeza kwa sababu mama yako anakusimamia, na kila asubuhi nakuona ukishika kiti unapoimeza, ukingoja ikuangushe. Jumapili Bibi alikutania pale jikoni: "Mjukuu wangu, msichana anayebeba dawa kama kizee huko ataolewa na nani, na mwuza dawa?" Ukamjibu, "Basi nitapata za bure, Bibi." Wote wakacheka. Kisha ulinifuata nje nilipokuwa nakaza kamba za tranka, ukaniambia kwa sauti ya chini: "Baba, ukweli ni kwamba nikifika nitaziacha. Zile ndizo ziliniangusha. Huku nikianguka mpo. Kule nikianguka nani ataniokota?"

Nilikaza kamba. Nikasema tutaongea.

Ndiyo tunaongea sasa. Hazikukuangusha zile. Huna kifafa, nesi amelisema hilo na ameliandika. Kapsuli yako, ikiwa peke yake na kwa kipimo chako, umeimeza siku zaidi ya mia na hujaanguka hata mara moja, ila hukuwa na namna ya kuziamini siku hizo kwa sababu mimi nilikuficha zile siku nne za kidonge changu. Kama ukiziacha ghafla utakapofika, utakuwa unaziacha kwa sababu ya uongo wangu, na kama hali ile itarudi, itakukuta mbali na mama yako. Hilo ndilo linalonitia hofu leo kuliko jalada lolote.

Sikuambii kwamba dawa haina maudhi. Unajua mikono inavyotetemeka kidogo, na jinsi usingizi unavyokuwa mwepesi ukichelewa kuimeza. Pengine yatakuja mengine. Likija lolote liseme, hata la aibu, maana mimi nilinyamazia la choo miezi miwili. Siku ukisahau, endelea na ya kesho yake, usimeze mbili kufidia. Ukipewa dawa ya maumivu, ya malaria, ya chochote, taja kwanza ile unayotumia. Bibi amekufungia mizizi kwenye kitambaa chekundu. Amekufungia kwa upendo, nami nimekwisha kumwambia kwamba hutaitumia kabla ya kuuliza, amenuna, atapoa. Pombe iache kabisa. Na msichana wa kitanda cha jirani atakapolia usiku, maana yupo, kila bweni analo, utatamani kumpa yako moja. Utakuwa na moyo mwema kabisa, kama ule niliokuwa nao mimi. Mshike mkono umpeleke kwa matron.

Yale mawazo yakirudi, usiyapime kwanza kama ni makubwa kiasi cha kumsumbua mtu. Mwambie matron siku hiyohiyo, kisha utupigie. Nitapokea hata nikiwa mbele ya mkuu wangu wa kazi.

Leo mchana nilikwenda kwa nesi Zuhura na ile fomu. Amenipa nyingine, na amejaza sehemu yake: jina la dawa, kipimo, tarehe, na kwamba ulianguka kwa kupewa dawa ya mtu mwingine. Aliniuliza kama aandike ni mtu gani. Nikamwambia aandike baba mzazi. Matron atakaa na dawa zako na atakupa moja moja, kama mama yako alivyofanya. Sehemu ya mwanafunzi nimeiacha wazi, uijaze wewe.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya tranka, chini ya shuka, uikute ukiwa umefika na mimi nikiwa mbali na uso wako. Nimeifikiria njia hiyo hadi nimeichoka. Nitakupa mkononi leo, jua likiwa bado lipo, kabla ya chakula. Hulazimiki kunisamehe kwa sababu tu kesho unasafiri. Unaweza kupanda basi ukiwa umenikasirikia, na likizo ukarudi bado umenikasirikia, na chumba chako kitakuwa kimefagiliwa.

Basi linaondoka saa nne asubuhi. Kliniki inafunguliwa saa mbili, na nesi amesema atakungoja. Neno langu umelipata kwa kuchelewa, na huna sababu ya kuliamini peke yake. Ingia umuulize mwenyewe, uulize kila unalotaka, hata kuhusu mimi, na hata kama unataka kuziacha mwambie yeye, akuonyeshe namna ya kuziacha. Sitaingia nawe. Nitakaa nje na mizigo.

Baba yako.